Mtaji wa kijamii ni kitu gani hasa, na mbona si sawa na "kuwa na mtu"

Kwenye semina moja ya vijana wa biashara hapa Amu, yaani mji wa Lamu, ukumbi umejaa na feni hazizunguki, mtoa mada alisema maneno ambayo watu walitoka nayo mpaka barazani: "Musiseme hamuna mtaji, nyinyi muna mtaji wa kijamii." Kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, "Yaani tutafute mtu kule kaunti?" Watu wakacheka, mada ikasonga. Mimi lile swali halijanitoka mpaka leo, manake ndivyo wengi wetu tunavyolielewa hili neno, kwamba ni binamu aliyeko ofisini, mtu wa kukupitishia tenda, na tangu siku ile nimelisikia kwa maana nne tano, huyu asema ni chama, yule asema ni wafuasi wa Facebook, mwengine asema ni ukabila tu umepakwa rangi. Kwa hivyo nataka tulifungue taratibu, kwa sababu ni neno lenye manufaa na tukiliacha liharibike tutakosa jina la kitu ambacho kinatulisha kila siku.

Tuanze chini kabisa. Mtaji ni kitu ulichokiweka leo ili kikuzalishie kesho. Mashua ni mtaji, cherehani ni mtaji, ujuzi wa fundi wa kuchonga milango ni mtaji ingawa huwezi kuushika. Mtaji wa kijamii ni kule kujuana, kuaminiana na mazoea ya kutendeana yaliyoko baina ya watu, ambayo yanawafanya waweze kufanya jambo pamoja kwa urahisi na kwa gharama ndogo kuliko wangekuwa hawajuani. Neno la kushika hapo ni "baina". Mashua ni yako, ukihamia Mombasa utaiuza ama utaondoka nayo. Kuaminiana kwako na watu wa mtaa wako, tuseme Langoni, hakuuziki, kunakaa katikati yako na wao, na wao wakibadilika basi kumepungua hata kama wewe hujafanya kitu.

Neno lenyewe si la majuzi. Mwaka 1916 huko West Virginia, Marekani, msimamizi wa shule za vijijini aliyeitwa L. J. Hanifan aliliandika, na alijitahidi kueleza kwamba hasemi pesa wala ardhi, asema nia njema, urafiki na kuhurumiana kwa majirani wa kila siku. Alitaka wazazi wakutane ili shule iende. Wanasosholojia na wachumi walikuja kulishika kwa nguvu baadaye sana, kuanzia miaka ya 1980.

Sasa mfano, na huu nimeushika kwa mikono yangu. Nilikaa miaka sita karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mji wa Amu munaujua, vichochoro vyembamba, gari haipiti, kwa hivyo simenti inatoka Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa boti mpaka gatini, hapo inapanda punda, mifuko miwili kwa punda mmoja, inapandishwa mpaka kwa mwenye kujenga. Mtoto wa mwenye punda akifika mlangoni anashusha, anaokota kipande cha mkaa, anachora mstari ukutani. Safari ya pili mstari wa pili. Wa tano unawakata wale wanne. Nahodha hata hangoji, yeye alikuwa na maneno yake yaleyale kila siku, "Twaa ukende, tutahesabu yioni." Na jioni kweli mwenye nyumba anahesabu mistari, nahodha ana hesabu yake ya kichwa, mwenye punda ana yake, mimi dukani nina yangu kwenye daftari, na katika miaka ile sita hesabu ziligongana mara mbili tu ninazozikumbuka, zote mbili ni mfuko uliopasuka njiani.

Piga hesabu ya kinyume. Tuseme hakuna anayemuamini mwenzake. Itabidi mtu wangu akae gatini, mtu wa mwenye nyumba akae mlangoni, karatasi isainiwe pande zote mbili kwa kila punda, na mfuko mmoja ukikosekana punda wote wasimame mpaka ujulikane uliko. Na maji hayamngojei mtu, yakipwa boti inakaa kitako, ni kama saa sita mpaka yajae tena, na nahodha atataka alipwe siku nzima na ana haki. Watu wawili wa kulipwa, karatasi, siku ya boti, yote hayo yatarudi kwenye bei ya simenti, na mwenye kujenga chumba cha mwanawe ndiye atakayeyalipa bila kujua amelipia nini. Hio ndio gharama ya kutoaminiana.

Mchumi Muingereza Ronald Coase mwaka 1937 aliuliza swali linaloonekana la kitoto: kama soko linafanya kazi vizuri, kwa nini kuna makampuni, mbona kila mtu asiuze kazi yake asubuhi kwa asubuhi? Jibu lake likawa kwamba kulitumia soko kwenyewe kunagharimu. Kumtafuta mtu kunagharimu, kupatana bei, kuandikiana, kuhakikisha ametimiza. Mtu anaajiri ili asipatane upya kila kukicha. Alikuja kupewa Nobel ya uchumi mwaka 1991. Ile mistari ya mkaa inapunguza gharama hizohizo bila ya mtu kuajiriwa, na ndio maana wachumi wanaojali pesa na si hisia wakaanza kuyachukulia haya mambo kwa uzito.

Watu hukosea hapa, wakadhani kuaminiana ni upole wa moyo. Yule mwenye punda ni mtu mwema, namjua, lakini hata angekuwa si mwema angeogopa kuiba mifuko miwili, kwa sababu Ijumaa tutakutana msikitini, kwa sababu mkewe na shangazi yangu wamepika pamoja kwenye harusi zaidi ya moja, kwa sababu habari ingefika kijiji cha Shela kabla ya magharibi na kesho yake hakuna duka ambalo lingempa mzigo. Habari zinasafiri, watu watakutana tena, na kosa lina bei. Palipo na mambo hayo matatu watu wanaaminiana hata kama hawapendani. Mwanasosholojia James Coleman mwaka 1988 alieleza wafanyabiashara wa almasi wa New York, namna mmoja anavyompa mwenzake mfuko wa mawe akayaangalie kwa nafasi yake, hakuna bima hakuna maandishi, na mawe ni ya pesa nyingi sana. Ni Wayahudi wanaooana wao kwa wao, wanaokaa mtaa mmoja na kusali sinagogi moja, na atakayebadilisha jiwe atapoteza jamaa, ibada na biashara kwa pamoja. Ukinisomea hayo bila kunitajia mji ningedhani ni mambo ya masonara wetu na dhahabu ya harusi.

Na sisemi daftari litupwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema na ni kweli, na daftari langu lilikuwa wazi kila siku, lakini lilikuwa la kukumbushana tu, hakuna aliyeliona kama la kushukiana.

Turudi kwa kijana wa semina. Alikosea lakini hakukosea kote. Mfaransa Pierre Bourdieu, mmoja wa walioliweka hili neno mezani miaka ile ya 1980, alilitazama vilevile kama yeye, kwamba watoto wa wenye nacho wanarithi kujuana kama wanavyorithi nyumba, na kujuana huko ndiko kunakowaweka juu kizazi baada ya kizazi. Kwa mtu mmojammoja basi, ndio, binamu wa ofisini ni mtaji wa mwenye binamu. Lakini ukiuliza kwa ajili ya mji mzima swali linabadilika: huu uhusiano umepunguza gharama ya kazi, ama umebadilisha tu ni nani anasimama mbele kwenye foleni? Mistari ya mkaa imeteremsha gharama kwa kila anayejenga. Tenda iliyopitishwa kwa binamu imempa mmoja, imemnyima aliyekuja na bei nzuri, na kila aliyeona ameacha kuziamini tenda zote, hata ile iliyokuwa safi. Kwa hivyo la pili linakula kile ambacho la kwanza linajenga, na sisi tunayaita yote kwa jina moja.

Kuna sehemu nyengine inayochanganya. Mtu atasema, kama kujuana ndio mtaji basi Amu tungekuwa matajiri, hapa kila mtu amjua kila mtu. Ni hoja ya haki na jibu lake ni kwamba kujuana kuko kwa namna mbili. Kuko kule kwa ndani, ndugu, majirani, watu wa baraza moja, walewale kila siku. Na kuko kwa daraja, kule kumjua mtu wa upande mwengine, wa mji mwengine, wa kazi nyengine, mtu ambaye hamuli pamoja. Mmarekani Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kuhusu watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, akawauliza huyo mtu mulikuwa mukionana mara ngapi. Asilimia 17 hivi tu ndio waliosema mara kwa mara. Karibu 56 walisema mara mojamoja, na 28 walisema kwa nadra. Ukifikiria ni sawa kabisa, rafiki yako wa barazani anajua unayoyajua wewe, mumeketi pamoja tangu alasiri, atakupa habari gani mpya? Habari iko kwa yule unayemsalimia mara mbili kwa mwaka.

Niliyaona haya kwa fundi mmoja wa vyombo vya bahari wa kijiji cha Matondoni. Matondoni mafundi ni wengi, mtu akikosa misumari anaazimwa, akikosa mikono ya kugeuza chombo wanakuja kumi bila kuitwa mara ya pili, akiumwa kazi yake inakalafatiwa na jirani. Huko ndani ametajirika. Lakini kila mmoja pale ni fundi kama yeye, hakuna mnunuzi. Oda iliyomvusha mwaka ule ilikuja kwa mwendesha boti wa Shela ambaye waliwahi kusafiri pamoja mara moja tu, aliyembeba mgeni anayetafuta dau. Kujuana kwa ndani kulimshika asianguke, na kwa daraja ndiko kulikompeleka mbele, na mtu anahitaji yote mawili, hasa kijana, kwa sababu vijana wetu wengi wa ndani wanao tele na wa daraja hawana.

M-Pesa imetufundisha jambo hapa. Ilipoanza Machi 2007 ilionekana kama imeleta kusaidiana, wakati kusaidiana kulikuwepo tangu babu na babu, ilichofanya ni kuurefusha mkono. Watafiti William Jack na Tavneet Suri walizifuata familia za Kenya kwa miaka, wakachapisha mwaka 2014: familia isiyotumia M-Pesa ikipigwa na pigo kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake yalishuka kama asilimia 7, na iliyokuwa ikiitumia hayakushuka. Sababu ni kwamba wenye M-Pesa walitumiwa pesa na watu wengi zaidi na wa mbali zaidi. Simu peke yake haikumtumia mtu shilingi, lazima kuwe na shemeji Mombasa anayekukumbuka. Na kwa hivyo hivyo wafuasi elfu tano wa mtandaoni si mtaji wa kijamii mpaka mmoja wao awe atashika simu ukiwa na shida, ama atakuletea mteja na kusema huyu namdhamini.

Watu wa Malindi watapenda huu mfano kwa sababu Italia wanaijua kwa wageni wao. Italia ilianzisha serikali za mikoa mwaka 1970, sheria moja, muundo mmoja, na Robert Putnam na wenzake wakazifuata kwa kama miaka ishirini, kitabu kikatoka 1993. Nyingi za kaskazini zilifanya kazi vizuri, nyingi za kusini hazikufanya. Alichokiona yeye ni kwamba pale ambapo watu walikuwa na mazoea ya kujiunga kwa hiari, kwaya, timu za mpira, vyama vya ushirika, ndipo serikali ilipowahudumia. Wako waliompinga, wakasema ameipuuza historia ya kusini ya kutawaliwa na kunyonywa, na mimi naona hoja yao ina uzito. Kaunti zetu nazo zilianza zote pamoja mwaka 2013, na hakuna mtu atakayeniambia Lamu na Nairobi zilianzia mahali pamoja. Kwa hivyo mtu akikuambia sehemu fulani ni maskini kwa sababu watu wake hawapendani, muulize kwanza barabara ilifika mwaka gani.

Vyama sasa, kwa sababu hapo ndipo pesa zilipo. Mchezo wa pesa, upatu kwa wenzetu wa Tanzania, meri-go-raundi kwa watu wa bara, ni benki isiyo na mlango. Wako kina mama karanga, wale wanaonunua samaki wadogo ufukweni, wakakaanga na kuuza jioni, wanatia mia kila siku na kila wiki mmoja anachukua. Kikundi kimoja ninachokijua, zamu ilikuwa ya Bi mmoja aliyetaka kununua karai kubwa, na siku ileile mume wa mwenzake akalazwa. Hakuna mkutano ulioitwa. Mwenye zamu alimwambia tu, "Chukua wewe mwanangu, mimi langu lina subira," akaingia kwenye zamu ya mwenzake wiki tano mbele. Benki gani ingebadilisha ratiba ya mkopo pale ufukweni kwa dakika moja? Waliweza kwa sababu wanajua nani ana mume mgonjwa kweli na nani anaongopa.

Huo ujuzi ndio uliofanya Grameen Bank ya Bangladesh ya Muhammad Yunus iwakopeshe maskini kwa vikundi bila rehani, mpaka Nobel ya amani ya 2006, na ndio wazo lililoko nyuma ya fedha zetu za serikali kama Women Enterprise Fund ya 2007 na Uwezo Fund ya 2013, ambazo zinapitia vikundi. Kwa sehemu kama Lamu, ambapo familia ngapi zimekaa kwenye ardhi vizazi na vizazi bila hati, mkopo usiotaka hati ni jambo kubwa sana. Lakini angalia linapoharibika: fomu inataka kikundi cha watu kumi, watu wanaitana wiki moja kabla, majina yanajazwa, picha inapigwa, pesa zinagawanywa na kila mtu njia yake. Hapo hamna mtaji wa kijamii wa kukopeshea, kuna orodha ya majina tu. Mmoja asipolipa wenzake hawawezi kumuuliza kwa sababu hawajui hata nyumba yake. Kikundi kinazaa mkopo mzuri kikiwa kilikuwepo kabla ya mkopo, na ningekuwa mimi naamua ningeuliza kwanza munatiliana pesa tangu lini, halafu ndio nitoe fomu.

Ndani ya kampuni sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu waajiri wengi wa huku hawalioni. Baada ya duka nilifanya kazi mapokezi kwenye hoteli ndogo ya wageni Malindi, jina nitaliacha. Saa nne asubuhi wafanyikazi walikuwa wanakutana chini ya mwembe nyuma ya jikoni, chai na mahamri, kama dakika ishirini. Ukipita ungeona watu wamekaa bure. Lakini sikiliza kinachosemwa: anayefanya vyumba anamwambia fundi wa bomba, "Namba saba mfereji unatoa maji ya kutu," mpishi anamwambia wa stoo kwamba kusi imechafua bahari, samaki watakuwa haba, tununue kuku leo leo, mimi nasema kuna wageni watano wanafika usiku na mmoja ana mtoto mchanga, na mlinzi anajua kitanda cha mtoto kiko wapi. Kabla chai haijaisha mambo manne yamepangwa na hakuna aliyeamrishwa.

Akaja meneja mpya, kijana msomi, mchapakazi, sikumuona na nia mbaya hata siku moja. Akasema chai kila mtu anywe sehemu yake ya kazi, na tatizo lolote liandikwe kwenye fomu, fomu iende ofisini, ofisi impe fundi. Kwenye karatasi ni kitu kizuri. Mfereji wa namba saba uliofuata ulivuja siku nne. Aliyeuona alijaza fomu, fomu ilikaa chini ya nyengine, fundi alikuwa karibu na kile chumba kila siku na hakujua, mgeni akahama na akaandika mtandaoni. Samaki wakakosekana wiki nzima kwa sababu wa stoo alikuwa haambiwi tena habari za bahari. Na kitu kilichoniuma zaidi, watu waliacha kushikiana zamu. Zamani mtu akiwa na mazishi mwenzake alimfunika bila kuuliza, sasa kila mmoja akawa anasema andika fomu.

Janine Nahapiet na Sumantra Ghoshal mwaka 1998 walieleza mtaji wa kijamii wa kampuni kwa pande tatu, na mwembe wetu ulikuwa na zote. Upande wa kwanza ni nani anamfikia nani, yaani njia za watu kukutana. Wa pili ni wanavyoaminiana wakikutana. Na kazi zinakwenda kwa sababu ya upande wa tatu, ambao wengi wanausahau, kwamba watu wana lugha moja na maana moja, sisi tukisema "bahari imechafuka" mpishi hahitaji kuelezwa orodha ya chakula ibadilike vipi. Hoja yao ilikuwa kwamba ujuzi mpya kwenye kampuni unazaliwa hapo, watu wanapochanganya wanayoyajua, na kampuni yenye hivyo inashinda ile yenye watu werevu waliojifungia kila mtu na lake. Meneja alikata upande wa kwanza tu, ile nafasi ya kukutana, na zile mbili nyengine zikafuata zenyewe.

Kwa hivyo bosi akisema "sisi hapa ni familia" usiyaangalie maneno, angalia mshahara unaingia tarehe ngapi. Mshahara ukichelewa miezi miwili bila ya maelezo, kila mtu anaanza kujificha, anazuia anachokijua, anatafuta kazi kimyakimya, na hakuna safari ya timu wala fulana za rangi moja zitakazokurudisha kule kuaminiana. Anayelipa kwa wakati na akikosea akasema mbele ya watu nimekosea, huyo anaweka akiba.

Lazima niseme ubaya wake pia, wengi wanaolisifu hili jambo wanaruka hapa. Alejandro Portes mwaka 1998 aliorodhesha madhara, na ukiyasoma utadhani amekaa ufukweni kwetu. Watu walioshikamana wanawafungia nje wengine. Wanamdai aliyefanikiwa mpaka afilisike. Wanambana mtu asifanye tofauti. Wanamvuta chini anayetaka kutoka. Mvuvi anayechukua nyavu na mashine kwa tajiri wa samaki hakuandikiana naye, ni kuaminiana, na siku mke akijifungua tajiri huyohuyo anatoa pesa usiku wa manane, lakini samaki wote lazima auziwe yeye na kwa bei yake, na deni linaweza kukaa mpaka mtoto akawa mvuvi. Hapo nashindwa kusema ni msaada ama ni kamba shingoni, nadhani ni vyote viwili. Na mwenye duka naye, namjua mmoja aliyefunga kwa sababu ya ndugu, kila mmoja alichukua unga kidogo "niandikie tu", na mwenye duka hakuweza kumwambia hapana mama yake mdogo.

Na baraza. Tunalisifu sana baraza, na mimi ni mtu wa baraza, lakini habari za kazi, za kiwanja, za tenda zinazungumzwa pale na mwanamke hapiti kukaa. Kina mama wana yao, harusini, kwenye maulidi, kwenye mchezo wa pesa, na kwa maoni yangu mitandao yao ina nguvu kuliko yetu kwa sababu imejengwa kwa kulishana na kuuguzana, lakini haina daraja la kufika pale pesa kubwa zinapoamuliwa. Kijana wa kutoka bara aliyefungua genge Mokowe vilevile, miaka mingapi apewe mali kwa mkopo? Bandari mpya ya Lamu kule Kililana, gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021, imekuja na kampuni zisizomjua mtu hapa na sisi hatuzijui, na mengi tunayoyaita ubaguzi wa kazi, mengine ni ubaguzi kweli na mengine ni daraja ambalo hakuna aliyelijenga.

Madaraja yanajengeka, ila kwa mambo madogo yanayorudiwa. Lile duka la simenti sasa linaletewa mzigo na msambazaji wa mbali ambaye hajawahi kukanyaga Amu, hajui mwenye punda ni mtoto wa nani. Mwanzo alitaka pesa zote kabla. Karani aliyechukua nafasi yangu akaanza kumpigia picha ukuta kila jioni, ile mistari ya mkaa, mitanomitano, na kumtumia kwa WhatsApp pamoja na daftari. Miezi ikapita, hesabu hazikugongana. Mzigo uliopita ulikuja nusu kwa mkopo wa siku thelathini, na alipoulizwa anataka rehani gani, akasema endelea kunitumia ukuta.